BTP Huishia Lami Inapoishia

Utawatambua bila kuuliza. Wiki ya kwanza ya BTP ikifika, stendi ya Msamvu na vituo vya daladala vya mjini Morogoro hujaa vijana wenye begi moja, ndoo iliyojazwa vyombo, godoro lililokunjwa likakazwa kwa kamba, na bomba la karatasi za manila lililofungwa mpira. Karatasi zile hulindwa kuliko simu. Zikinyeshewa, zana za wiki nzima zimekwenda na maji.

BTP (Block Teaching Practice), kama inavyoitwa na kila mtu kuanzia mkufunzi hadi mpishi wa chuo, ni zile wiki ambazo mwanachuo wa ualimu hutolewa katika darasa analofundishwa na kupelekwa katika darasa analofundisha. Kabla ya hapo alikuwa akiwafundisha wenzake chuoni, watu wazima waliojifanya watoto wa darasa la pili na kujibu kila swali kwa sauti moja. Sasa anakutana na watoto wenyewe, sabini au mia moja kwa mpigo, na mmoja wao anaomba ruhusa ya kwenda chooni kabla mwalimu hajamaliza kuandika tarehe ubaoni.

Morogoro ni mahali pazuri pa kuitazama shughuli hii. Mkoa una vyuo kadhaa vya ualimu vya Serikali, tutaje vitatu. Chuo cha Ualimu Morogoro, ambacho wenyeji hukiita Kigurunyembe tu, kilianzia mikononi mwa wamisionari Wakatoliki na kimekaa chini kabisa ya Milima ya Uluguru. Ilonga kipo Kilosa, jirani na kituo cha utafiti wa kilimo. Dakawa kipo katika eneo ambalo chama cha ANC cha Afrika Kusini kilijenga makazi ya wakimbizi wake enzi za ubaguzi wa rangi, kabla ya kulikabidhi kwa Tanzania mwaka 1992, pamoja na shule yake maarufu ya Mazimbu ambayo leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mwanachuo wa Kigurunyembe akitoka bwenini asubuhi, kitu cha kwanza anachokiona ni mlima. Kuna shule kule juu, kuna watoto, na kuna walimu wachache waliochoka. Ila anaposhuka kwenda BTP, mara nyingi hupelekwa upande mwingine, mjini.

Hoja yangu ni hii: mwalimu wa Uluguru haandaliwi Uluguru.

Sababu yake si chuki wala uzembe wa mtu. Ni gari. Mkufunzi anayesimamia BTP ana orodha ndefu ya wanachuo wa kuwafikia, mafuta yanayohesabiwa kwa lita, posho ya siku chache, na vipindi vinavyomsubiri chuoni. Shule kadhaa za Manispaa, tuseme za Bigwa, Kihonda, Mafiga na Mazimbu, anaweza kuzizunguka kwa siku mbili akarudi kulala kwake. Kumfuata mwanachuo mmoja huko mlimani, Kolero, Kikeo au Tchenzema, ni safari ya siku nzima, tena kama mvua haijanyesha. Masika yakikolea, barabara ya Mgeta huteleza hata kwa bodaboda aliyezaliwa huko. Tangu Juni 2024 treni ya umeme humleta mtu kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kwa muda usiofika saa mbili. Mtu huyohuyo anaweza kutumia muda zaidi ya huo kumalizia kilometa chache za kupanda mlima. Basi, orodha za kupangia wanachuo hufuata lami. Shule ya mjini yenye walimu wa kutosha hupokea wanachuo mpaka viti vya ofisini vinagombewa, na shule ya mlimani yenye walimu wanne haimwoni hata mmoja.

Lakini kabla ya kulaumu ramani, tuingie kwanza darasani.

Silaha ya kwanza ya mwanachuo ni andalio la somo. Asiyewahi kuliandika hawezi kujua linavyokula usiku. Juu kuna tarehe, darasa, kipindi, muda, idadi ya wanafunzi walioandikishwa na waliohudhuria, wavulana kando na wasichana kando. Unafuata umahiri, kisha malengo, zana, rejea. Chini yake kuna jedwali: hatua za somo, dakika za kila hatua, anachofanya mwalimu, anachofanya mwanafunzi, na namna ya kupima. Yote haya kwa kipindi cha dakika 30 au 40. Nyuma ya andalio liko azimio la kazi, na kando yake shajara ya somo. Mwanachuo mwenye vipindi vinne kesho huandika hadi saa sita usiku, akimaliza huanza kukata manila, kubandika, kuchora. Walio wabunifu hufungua mifuko mitupu ya saruji, wakaigeuza upande msafi, ikawa chati ngumu isiyochanika upesi. Vizibo vya soda huwa vihesabio, na vijiti hufungwa kumi kumi kufundishia makumi na mamoja. Nimeona zana za mfuko wa saruji zilizofundisha vizuri kuliko mabango ya dukani.

Mwishoni mwa andalio kuna nafasi ya tathmini na maoni, nayo ndiyo inayonichekesha. Hapo mwalimu anatakiwa aseme somo lilikwendaje: wangapi walielewa, wangapi walibaki nyuma, kesho atafanya nini. Katika maandalio mengi utakuta sentensi moja isiyobadilika: somo limeeleweka. Limeeleweka Jumatatu, limeeleweka Alhamisi, limeeleweka siku ambayo nusu ya darasa ilikuwa gulioni. Wengine huijaza usiku, kipindi chenyewe kikiwa kesho asubuhi. Siwalaumu sana. Hakuna anayesoma mstari ule, na kisichosomwa huandikwa hivyohivyo.

Kisha gari linafika. Habari husambaa haraka: mkufunzi ameonekana shule ya jirani. Mwanachuo hubadili shati, hupanga manila upya, na huwaambia watoto wakae vizuri kwa sababu leo kuna mgeni. Mkufunzi huingia, watoto husimama kumpa shikamoo, naye huketi nyuma kwenye dawati lililotengenezwa kwa mtoto wa miaka tisa, magoti yakigusa kidevu, fomu ya alama mkononi. Anatazama utangulizi, matumizi ya ubao, sauti, maswali, usimamizi wa darasa, zana. Vyumba vya walimu vina hadithi ya zamani ya mwanachuo aliyewafundisha watoto wake mapema: mgeni akiwepo na mimi nikiuliza swali, anayejua anyooshe mkono wa kulia, asiyejua wa kushoto, ili darasa zima lionekane linajua. Iwe kweli au utani, kila mwalimu huicheka kwa kuelewa.

Baada ya kipindi huja sehemu bora ya BTP nzima, pale ambapo wawili hao hukaa chini ya mwembe au pembeni ya ofisi na mkufunzi akasema: mwanangu, umeuliza maswali kumi na saba na yote yamejibiwa na watoto walewale watano wa mbele. Maneno ya aina hiyo mtu huyabeba miaka thelathini. Kasoro ni kwamba huja mara moja au mbili katika BTP nzima, hukatizwa na honi ya dereva, na wiki zinazobaki hakuna anayemtazama mwanachuo.

Anayepaswa kumtazama yupo. Ni mwalimu wa somo mwenyewe, mwenye darasa, anayejua kwamba mtoto wa dirishani haoni ubaoni na kwamba yule mtundu wa nyuma huamka alfajiri kuchota maji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika shule zetu methali hii imetekelezwa neno kwa neno. Mwanachuo anakabidhiwa chaki, vipindi vyote na daftari la mahudhurio. Mwalimu wa somo anapona. Anakwenda kusahihisha madaftari yaliyolundikana, au kushughulikia mkopo benki, au shambani. Ni rahisi kumhukumu, lakini tazama anavyoiona yeye: hakuna aliyemwandikia kwamba kazi hiyo ni yake, hakuna anayemlipa hata nauli, na alama atakazotoa ni chache au hazipo. Kazi isiyo na jina katika ratiba hufanywa na wenye moyo, na wenye moyo wapo, ila hatuwezi kuendesha mafunzo ya ualimu kwa kuombea kila mwanachuo abahatike kumpata mmoja.

Sasa turudi mlimani, maana tofauti ya pale na mjini si ya hali ya hewa tu. Mjini, hasa tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 na madarasa ya kwanza kufurika, mwanachuo hujifunza wingi. Anajifunza kupaza sauti ifike ukutani, kugawa vitabu vichache kwa watoto wengi, kusahihisha madaftari mia moja kabla ya saa nane. Hayo ni maarifa halali. Shule ndogo za juu zina mtihani mwingine. Walimu ni wachache, kila mmoja amebeba masomo matano, na mmoja akiugua madarasa mawili huunganishwa chumba kimoja: darasa la tatu linatazama ubao wa mbele, la nne limegeuka kutazama ukuta wa nyuma, na mwalimu anatembea katikati. Hakuna zoezi la chuoni linalomwandaa mtu kwa hilo. Siku ya gulio madawati huwa wazi, kwa sababu mtoto amebeba kabichi au ndizi pamoja na mama yake. Ukungu ukishuka saa nne asubuhi, darasa lisilo na umeme huwa giza na ubao hausomeki. Mwalimu atakayefanya kazi huko anahitaji kuyajua haya akiwa bado ana wa kumuuliza, badala ya kuyagundua peke yake na barua ya ajira mfukoni.

Na mlima wenyewe ni ghala la zana. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 unadai umahiri, yaani mtoto afanye na siyo akariri. Mtoto wa Kibungo Juu anaishi kwenye vyanzo vya Mto Ruvu, maji yanayokunywewa Dar es Salaam na watu wasiojua jina la kijiji chake. Somo la jiografia lipo nje ya dirisha. Kule Kinole na Matombo, karafuu, pilipili manga na mdalasini hupimwa kwa kilo na kuuzwa kwa bei inayopanda na kushuka, na sijaona swali la hisabati lililo bora kuliko hilo. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili lina mada iliyo tayari: mwaka 1955 Waluguru waliugomea mpango wa kikoloni wa kuwalazimisha kulima kwa matuta ya ngazi. Mwanachuo aliyefanya BTP Kihonda tu hatayakuta haya katika rejea zake. Akiishi mlimani hata mwezi mmoja, atayaokota njiani akienda shule.

Kuna watakaosema kwamba ninadai jambo lisilowezekana. Tanzania ililifanya, tena kwa kiwango kilichowashangaza wengi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Vyuo havikuweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Kuanzia 1976, vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa vijijini, wakapewa madarasa ya chini ya kufundisha kwa saa chache kwa siku, na saa zilizobaki wakasoma ualimu wenyewe: masomo ya posta, vipindi vya Radio Tanzania, na usimamizi wa waratibu waliokuwa karibu nao katika kata. Baada ya kama miaka mitatu walikwenda chuoni kwa muda mfupi, wakafanya mtihani, wakatunukiwa Daraja la IIIC. Takribani 45,000 waliandikishwa katika mpango ule. Ndio walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ambao jina lao lilikuja kugeuzwa utani na hata tusi.

Tusi hilo lina ukweli ndani yake. Kijana wa darasa la saba aliyefundisha darasa la pili alikuwa na maarifa haba, na watoto walilipa gharama. Ila kwa upande mmoja mpango ule ulitushinda sisi wa leo: mwalimu mwanafunzi aliishi alipofundisha, alifundisha watoto wa majirani zake, na msimamizi wake hakusubiri gari kutoka makao makuu ya mkoa. Leo tuna mwanachuo mwenye elimu ya kutosha na usimamizi wa kubahatisha. Wakati ule walikuwa na usimamizi wa karibu na elimu ya kubahatisha. Hakuna sheria ya maumbile inayosema lazima tuchague kimoja.

Jaribio la pili lilikuja na MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka takribani milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005, na mafunzo ya Daraja la IIIA yakagawanywa: mwaka mmoja chuoni, mwaka mmoja shuleni kwa vitendo. Kwenye karatasi lilikuwa wazo zuri. Katika shule nyingi mwanachuo alihesabiwa kuwa mwalimu kamili siku ya kwanza, akapewa vipindi vyote, na usimamizi ukawa hafifu. Mpango ukaachwa. Kwangu mimi funzo lake ni kwamba wiki nyingi shuleni hazisaidii kitu kama hakuna wa kukutazama.

Finland, nchi ambayo kila mkutano wa elimu huitaja kwa wivu, hutumia shule maalumu zilizo chini ya vyuo vikuu, ambako kumlea mwalimu mwanafunzi ni sehemu ya kazi ya mwalimu wa shule, yenye saa zake na malipo yake. Hatuna fedha za Finland. Vyuo vyetu, hata hivyo, vilikuwa na shule za mazoezi jirani, na nyingine zipo mpaka leo. Kumpa mwalimu wa somo saa zilizoandikwa kwenye ratiba hakuhitaji mkopo wa nje.

Lipo jambo jingine linaloipa BTP uzito ambao haikuwa nao zamani. Mhitimu wa miaka ya UPE alikwenda kazini moja kwa moja. Wa leo anasubiri. Miaka inapita, anaendesha bodaboda, anauza mitumba, anajitolea shule ya kata kwa posho ya wazazi, na tangu ajira za walimu zilipoingizwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, anaitwa kujieleza mbele ya jopo. Kwa wengi, zile wiki za BTP ndiyo mara ya mwisho kusimama mbele ya watoto na mwalimu mzoefu akiwa karibu. Alichokipata pale ndicho atakachokitoa baada ya miaka mitano, akipangiwa shule ya mlimani iliyo juu ya kijiji cha Bunduki ambayo hajawahi kuiona hata kwenye picha. Akifika, akikuta nyumba ya mwalimu haina mlango na mtandao unashika penye jiwe moja tu, ataanza kutafuta uhamisho wiki hiyohiyo. Aliyekwisha kuishi huko angalau anajua kwamba viazi ni vya bei nafuu, kwamba wenyeji humheshimu mwalimu, na kwamba baridi ya Juni hutibiwa kwa blanketi.

Tufanyeje? Mwaka 2018 Serikali iligawa pikipiki kwa waratibu elimu kata nchini kote, ambao leo tunawaita maafisa elimu kata. Hawa ndio warithi wa wale waliosimamia walimu wa UPE. Wanakwenda shule za kata zao kwa kazi nyingine kila wiki. Wapewe semina fupi chuoni na fomu ileile ya mkufunzi, wamtazame mwanachuo mara tatu au nne, na alama zao zihesabike. Mwalimu wa somo naye apewe sehemu ya alama, maana ndiye anayeona kipindi cha Ijumaa saa saba wakati hakuna mgeni. Wanachuo wapangwe wawili wawili au watatu katika shule moja ya mlimani, hasa wasichana, ili pasiwe na binti anayeishi peke yake kijiji cha ugenini. Mmoja akifundisha, mwenzake aketi nyuma amwandikie alichokiona. Mkufunzi akija mara moja, atawakuta wote mahali pamoja, na safari yake ndefu italipa.

Halmashauri za Morogoro na Mvomero nazo zisisubiri kupangiwa. Mwalimu mkuu wa Nyandira, wa Luale, wa Tegetero, andika barua chuoni kabla orodha haijatoka. Taja idadi ya wanachuo unaoweza kuwapokea, taja chumba watakacholala na mwalimu atakayekaa nao jioni kusoma maandalio. Serikali ya kijiji itengeneze mlango wa nyumba hiyo. Na vyuo vikipata barua hiyo, vijibu kwa majina ya wanachuo, kisha vikate tiketi za basi la Mgeta.